Simu ya Bei Nafuu Isitugharimu Salamu

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Methali hii ilinijia hivi majuzi pale mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyepata ufadhili wa kuendelea na masomo nchini Ujerumani, alipobisha hodi ofisini mwangu kuja kuniaga. Baada ya kupongezana na kuombeana heri, aliniuliza swali ambalo kila kijana anayefunga safari ya ng'ambo hana budi kuliuliza: "Mwalimu, nikishafika huko, ni njia ipi ya kupiga simu nyumbani iliyo rahisi kuliko zote?" Nilimjibu kwa sentensi moja tu, kwamba siku hizi simu ni karibu na bure maadamu mtu ana intaneti, naye akaenda zake ameridhika. Alipokwisha kutoka ndipo nilipong'amua kuwa jibu langu lilikuwa pungufu, na kwamba nilikuwa nimemficha hesabu ambayo mimi mwenyewe niliilipa kwa thamani kubwa. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, yeye na wenzake wanaojiandaa kwa safari kama hiyo, pamoja na walimu wanaowashauri.

Mimi niliwasili Leipzig, mji ulioko mashariki mwa Ujerumani, mnamo Oktoba 2006 kusomea shahada ya uzamifu katika isimu. Posho yangu ilitosha kodi ya chumba, chakula na vitabu. Simu haikuwa imetengewa fungu lolote. Wanafunzi wenyeji wangu walinieleza mapema kuwa palikuwa na njia tatu za kupiga simu Afrika bila ya kufilisika, na kila njia ilikuwa na wafuasi wake walioitetea kama mtu anavyotetea timu yake ya kandanda.

Njia ya kwanza ilikuwa ya simu ya mezani. Tangu tarehe 1 Januari 1998 soko la simu nchini Ujerumani lilikuwa limefunguliwa kwa ushindani, na mtu mwenye laini ya shirika kongwe aliweza kuipitisha simu yake kwa kampuni nyingine yoyote kwa kutanguliza nambari fupi iliyoanza na 010. Ulibonyeza nambari ya kampuni uliyoichagua, ukafuatisha 00, kisha 254 ya Kenya, ndipo ukamalizia na nambari ya nyumbani. Magazeti yalichapisha majedwali ya bei kama yanavyochapishwa matokeo ya michezo, nasi tuliyakata na kuyabandika ukutani kando ya simu. Mtego wake ulikuwa kwamba bei zile hazikutulia. Kampuni iliyokuwa ya chini kabisa siku ya Jumatatu iliweza kupandisha bei mara kadhaa ifikapo Alhamisi, nawe usijue mpaka bili ikuangukie mwisho wa mwezi. Sheria ya kuzilazimu kampuni hizo kutangaza bei mwanzoni mwa simu ilikuja kuanza Agosti 2012, wakati ambapo mimi nilikuwa nimekwisha kurejea nyumbani.

Njia ya pili ilikuwa kadi ya kukwaruza. Ulinunua kadi ya euro 5, ukakwaruza kutoa tarakimu za siri, ukapiga nambari fulani, na sauti ya mwanamke ikakuambia una dakika kadhaa za kuzungumza na Kenya. Dakika hizo zilikuwa za ahadi tu. Kadi moja niliyoinunua ilitangaza dakika hamsini kwa herufi kubwa; kwa herufi ndogo mno nyuma yake iliandikwa kwamba pana ada ya kuunganishwa kila unapopiga, kwamba dakika iliyoanza huhesabiwa kuwa imetimia, kwamba kuna makato ya kila wiki tangu siku ya kwanza kutumika, na kwamba kupigia simu ya mkono ni ghali kuliko kupigia simu ya mezani. Nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, hapakuwa na simu ya mezani. Nilipopiga hesabu kwa kalamu na karatasi nilikuta kwamba dakika hamsini zilikuwa ishirini na mbili.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo niliyoipenda, ilikuwa maduka ya simu yaliyojipanga katika barabara iitwayo Eisenbahnstraße. Ndani yake mlikuwa na vibanda vya mbao na kioo, kila kimoja na kiti, simu na saa iliyohesabu senti mbele ya macho yako. Jumapili jioni vibanda vilijaa: Wavietnamu, Wairaki, Warusi, Wakameruni, kila mtu akipaza sauti kwa lugha yake kana kwamba masafa ndiyo yanayomlazimu kupiga kelele. Uzuri wa duka ulikuwa kwamba bei ilibandikwa dirishani, na hapakuwa na deni lililokufuata nyumbani. Ubaya wake ulikuwa ile saa. Mtu hawezi kuzungumza na mzazi wake kwa utulivu huku anatazama senti zikikimbia.

Yafaa niongeze njia ya nne ambayo haikuwa na bei: kubipu. Dada yangu akiwa Mombasa alinipigia, simu ikalia mara moja, akakata kabla sijaipokea. Kulia mara moja kulimaanisha nipige nikipata nafasi. Mara mbili, pesa ulizotuma zimefika. Mtafiti aitwaye Jonathan Donner alichapisha makala kuhusu desturi hii mwaka 2007, akitumia hasa data aliyoikusanya Rwanda, na kuonyesha kuwa kubipu kuna kanuni zake kama ilivyo lugha, mojawapo ikiwa kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kulipia mazungumzo. Kanuni hiyo naomba msomaji aikumbuke, kwani tutairejelea.

Sasa nieleze lililonifanya nisiridhike na jibu nililompa mwanafunzi wangu. Jumapili moja ya Novemba 2007 nilikuwa nimechelewa, maduka yamefungwa, nami nina kadi iliyobakiwa na salio dogo. Nikapiga, na mama akapokea.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama. Shikamoo."

"Marahaba. U mzima lakini? Na baridi ya huko waionaje?"

"Naiweza, mama."

"Wenyeji wako wote hawajambo? Na yule mwenzio mliyekuwa mkikaa pamoja?"

"Hawajambo wote. Mama, kadi inaisha. Niambie ya nyumbani upesi."

"Sisi hatujambo, baba."

"Na mzee?"

"Hajambo."

"Basi nitapiga Jumapili ijayo, inshallah."

"Haya baba. Inshallah."

Nilikata simu nikiwa nimefurahi kuwa nimebakisha senti. Alhamisi iliyofuata dada yangu aliniletea ujumbe mfupi: baba amepatwa na kiharusi, amelazwa. Nilipompigia, sasa bila kujali bei, alinieleza kuwa tangu Ijumaa ya wiki iliyotangulia mkono wa kulia wa baba ulikuwa unakuwa mzito kisha unarudi hali yake, naye mwenyewe akikataa kwenda hospitali. Mama alikuwa amekusudia kuniambia siku ile ili nimhimize, kwani alijua maneno yangu yangesikizwa. "Ulimharakisha," dada alisema, bila ya ukali wowote.

Baba aliishi miaka mingine minne, lakini kusema sawasawa hakusema tena. Mwalimu aliyenifundisha kusoma, na ambaye kwa ajili yake niliipenda lugha, alibakiwa na maneno machache yasiyotimia kumi. Sidai kuwa simu ya dakika tano zaidi ingemwokoa. Hayo ni ya Mungu na madaktari. Ninachojua ni kwamba habari ilikuwapo upande wa pili wa waya, nami niliikatia njia kwa kuokoa kiasi cha pesa kisichotosha kikombe cha kahawa.

Mwanaisimu akipatwa na jambo kama hili hana budi kujiuliza lilitendekaje. Mama hakunidanganya. Neno "hujambo" kwa asili yake lamuuliza mtu kama hana jambo, na "hatujambo" lajibu kwamba hatuna. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua hata hivyo kwamba jibu hilo hutolewa hata na mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba. Adabu yetu inataka kwanza tukiri uzima na kushukuru, tuulizane habari za watoto, za kazi na za majirani, ndipo, baada ya duru mbili tatu, sauti ishuke na lije neno dogo: "Ila…" Hatujambo, ila mtoto ana homa. Twashukuru, ila mzee mkono wamsumbua. Habari yenyewe imo nyuma ya hiyo "ila", na salamu ndiyo njia ya kuifikia. Anayekata salamu ili afike haraka kwenye habari ameivunja njia kabla hajafika.

Wataalamu wameyaandika mambo haya kwa namna zao. Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, alieleza katika insha yake ya mwaka 1923 kuwa yako mazungumzo ambayo kazi yake kubwa ni kuwafunga watu pamoja wala si kupashana habari. Emanuel Schegloff wa Marekani, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1968 juu ya namna simu zinavyoanza, alionyesha kuwa mlio wa simu ni mwito, na "halo" ya kwanza si salamu bali ni itikio la mwito huo. Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba "halo" hiyo ina kazi ile ile ya "labeka" na "naam". Salamu huja baadaye, na kwetu sisi huja ndefu. Kwa hiyo bei ya dakika moja, ingawa ni moja kwa watu wote walioketi katika vile vibanda vya Leipzig, haikutuumiza sote sawasawa. Lugha ambayo adabu yake inadai salamu ndefu ilitozwa zaidi.

Msomaji huenda akauliza ni kwa nini simu za wakati huo zilikuwa ghali hivyo. Sababu ya kwanza ni ya mitambo. Hadi mwaka 2009 Kenya haikuwa imeunganishwa na ulimwengu kwa kebo hata moja ya nyuzi za kioo iliyopita chini ya bahari. Simu zetu za nje zilitegemea setilaiti, kupitia kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa kilichofunguliwa mwaka 1970. Kebo za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, na ile ya EASSy ikaanza kazi mwaka 2010, nafasi ya kupitishia sauti na data iliongezeka mara nyingi mno.

Sababu ya pili ni ya biashara na siasa. Kwa kawaida shirika la simu la nchi ya anayepiga hulilipa shirika la nchi ya anayepigiwa kiasi fulani kwa kila dakika. Kwa mataifa mengi machanga malipo hayo yalikuwa chemchemi ya fedha za kigeni, na hakuna shirika lililokuwa na haraka ya kuyapunguza. Marekani ilipoamua mwaka 1997 kuziwekea kampuni zake kikomo cha malipo hayo, nchi nyingi zilinung'unika. Hapa kwetu shirika moja la umma lilihodhi posta na simu hadi lilipogawanywa mwaka 1999, na mrithi wake katika simu, Telkom Kenya, akabaki na haki ya pekee ya lango la kimataifa hadi mwaka 2004. Penye mwuzaji mmoja, mnunuzi hana la kusema.

Intaneti ndiyo iliyokuja kuupindua mpango huo. Skype, iliyoanza Agosti 2003, iliwafundisha watu kwamba sauti ni data kama data nyingine yoyote; iliendelea hadi ilipofungwa Mei 2025. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliongeza simu za sauti mwaka 2015 na za picha mwaka uliofuata, na leo bibi wa Kisauni humwona mjukuu wake aliyeko Leipzig akipiga meno mswaki. Hayo ni maendeleo, nami sitamani hata kidogo kuirudia kadi ya kukwaruza.

Hapa lakini ndipo daftari linapohitajika. Simu ya kawaida hulipiwa na anayepiga peke yake. Simu ya intaneti hulipiwa na wote wawili, kila mmoja kwa data yake. Mwaka 2007 mama alipokea simu yangu bila kutoa hata shilingi. Leo, ili apokee simu ninayoiita ya bure, sharti awe na simu ya bei kubwa zaidi, iliyotiwa moto, na kifurushi cha data ambacho hakijaisha muda. Mwanafunzi wa ng'ambo aliye katika bweni lenye intaneti isiyo na kikomo haioni gharama hiyo, kwa kuwa imehamia kwa mzazi wake. Ile kanuni ya kubipu, kwamba mwenye uwezo ndiye alipe, imegeuzwa kichwa chini miguu juu, tena bila ya mtu kushauriwa. Wazazi wengi huona haya kusema kwamba data imekwisha. Watasema "mtandao haukuwa mzuri", nawe utaamini.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu, na wewe msomaji mwenye mtoto au ndugu ugenini, nakujibu upya kama ifuatavyo.

Kwanza, usiitumie laini yako ya Kenya kupiga wala kupokea simu ukiwa nje kabla hujauliza bei. Wengi hudhani kupokea ni bure kama ilivyo nyumbani. Anayekupigia kutoka Mombasa hulipa kama anayepiga simu ya ndani, kwa kuwa hajui uko wapi. Ile safari ya kutoka Mombasa hadi ulipo hulipiwa na wewe. Kwa wanaosomea jirani hali ni nafuu, kwani mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ziliingia katika mpango wa kupunguza ada hizo baina yao. Ulaya na Marekani ni habari nyingine. Zima data ya laini ya nyumbani kabla ndege haijatua, na ununue laini ya huko.

Pili, usidhani kwamba nafuu ya wenyeji ni yako. Tangu Mei 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha senti 19, kabla ya kodi, kwa dakika ya simu kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Kenya haimo. Simu ya kawaida kutoka Ujerumani hadi Mombasa yaweza kuwa ghali mara kadhaa kuliko hiyo, kwa hiyo soma orodha ya bei ya laini yako, hasa sehemu ya simu za mkono.

Tatu, jua sheria za nchi unayokwenda. Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi katika Falme za Kiarabu wanafahamu kuwa huko, kwa miaka mingi, simu za intaneti zimeruhusiwa kwa programu zenye leseni tu, na kwamba ile tuliyoizoea hapa hupeleka ujumbe vizuri lakini simu zake hazipiti.

Nne, na hili ndilo kubwa, hesabu gharama ya pande zote mbili. Kama wewe ndiwe mwenye posho, mnunulie mzazi kifurushi cha data kabla ya siku ya simu, au uweke akiba ya kumpigia simu ya kawaida angalau mara moja kwa mwezi, ili siku data yake ikiisha asinyamaze. Simu ya sauti hutumia data kidogo, aghalabu chini ya megabaiti moja kwa dakika, ilhali ya picha hula mara kadhaa zaidi. Picha ni tamu, lakini sauti ndiyo inayobeba habari.

Tano, chagua siku na saa ambayo huna haraka. Bei ya dakika imeshuka, lakini haraka yetu haikushuka nayo. Nawasikia vijana wakizungumza na wazazi wao huku wanajibu jumbe nyingine, na salamu zao zimekatika kana kwamba bado wanatazama ile saa ya senti. Wengine wamezihamishia kwenye sauti za kurekodiwa: mzazi anasema peke yake, mtoto anasikiliza baadaye kwa kasi maradufu. Katika mpango kama huo sijui "ila" itapata nafasi gani.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Somo hili laweza kufundishwa darasani bila gharama. Wanafunzi wa hisabati wapewe kadi ya kubuni yenye ada ya kuunganishwa, makato ya kila wiki na dakika zinazokamilishwa, watafute bei halisi ya dakika. Wale wa Kiswahili waulizwe wasikilize, kwa idhini ya wenyewe, jinsi wazee wao wanavyoanza mazungumzo ya simu, wahesabu ni duru ngapi za salamu zinazopita kabla ya jambo lenyewe kutajwa. Watajifunza kwamba adabu ya lugha ina kazi, na kwamba muda unaotumika kuulizana hali haukupotea.

Mama yangu yu hai, na simu yake ya kisasa ameizoea kunishinda. Nikiwa Nairobi au safarini nje ya nchi humpigia kila Jumapili. Huniambia hawajambo, nami humjibu kuwa twashukuru, kisha huuliza habari za majirani mmoja mmoja, hata wale nisiowakumbuka, na sikati simu mpaka yeye mwenyewe aseme hana zaidi. Kijana wangu, nenda salama, na ukifika utupigie.